Je, wajua? Kwa nini springi ya kifaru cha vita cha zamani imeviringishwa kama pindi la ukili?

Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, chuma chochote kikuukuu kisichojulikana kazi yake huitwa cha Mjerumani, na kikishaitwa hivyo uchunguzi huishia hapo. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu chuma kinaweza kueleza asili yake chenyewe. Chukua mfano wa bamba nene la chuma kigumu lililoviringishwa kwa kujizunguka lenyewe, mizunguko yake ikiwa imekaribiana sana na kitovu chake kikiwa kimechomoza juu, hata umbo zima likafanana na pia. Si gia, wala si kipande cha mzinga. Mtu akikikuta kwenye lundo la vyuma chakavu huko Nachingwea, atatambuaje kwamba ni springi iliyotengenezwa ili kubeba uzito wa kifaru?

Yeyote aliyewahi kushika pindi la ukili kabla halijashonwa kuwa mkeka ana nusu ya jibu mkononi. Pindi likilala chini huwa bapa, lakini ukilisukuma kitovu kutoka chini, mizunguko huteleza mmoja kando ya mwenzake na pindi huinuka kama mnara. Ukilikandamiza, hurudi kuwa bapa. Springi hii hufanya vivyo hivyo, ila bamba lake ni la chuma kigumu kinachopambana ili kurudi kwenye umbo lake la awali. Ndiyo maana jambo la kwanza la kuchunguza ni mahali kilipochakaa: kuta za mizunguko zilizosuguana kwa kupanda na kushuka ni dalili kwamba chuma hicho kilikuwa kikibonyea kazini.

Kwa nini mhandisi achague umbo hilo badala ya springi ya kawaida ya waya wa mviringo? Springi ya waya yenye nguvu ya kubeba tani kadhaa huhitaji waya mnene na urefu mkubwa, na hata ikibanwa kabisa mizunguko yake hukaliana mmoja juu ya mwingine na kuchukua nafasi. Katika springi ya bamba, mizunguko huingia mmoja ndani ya mwingine, hivyo ikibanwa hadi mwisho kimo chake hukaribia upana wa bamba lenyewe. Faida ya pili inapendeza zaidi. Mzigo unapoongezeka, mzunguko wa nje, ambao ndio mpana na mlegevu kuliko yote, hutangulia kugusa kikalio chake na kuacha kufanya kazi, kisha hufuata wa pili, na kuendelea, hadi inabaki ile midogo ya katikati iliyo migumu zaidi. Kwa hiyo springi hiyohiyo huwa laini kwenye mashimo madogo na hukakamaa gari linapodondoka shimoni kwa kishindo.

Kifaru cha Sherman cha Marekani, chenye uzito wa takriban tani 30, kilitumia springi hizi kwa wingi katika matoleo yake ya awali. Kila upande kilikuwa na vikalio vitatu vya chuma cha kusubu, yaani fremu za kushikia magurudumu na springi, kila kikalio kikiwa na magurudumu mawili na springi mbili zilizosimama bega kwa bega. Jumla ni magurudumu 12, na ukigawa uzito kijuujuu, kila gurudumu hubeba kama tani mbili na nusu. Hapo panahitaji uangalifu, kwa kuwa springi za umbo hilohilo zilitumika pia kwenye bafa, yaani vipokea kishindo vilivyo mwisho wa mabehewa ya reli, na Nachingwea iliwahi kuunganishwa na Mtwara kwa reli iliyong'olewa baadaye. Tofauti yake ni mkao: ya bafa hulala ikielekea mbele, ya kifaru husimama wima na kuwa na pacha wake.

Lakini kifaru kingefikaje nchi ambayo haikupiganiwa kwa vifaru? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikaanzisha Tanganyika mradi mkubwa wa karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalipokosekana, kampuni ya Vickers iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta ya minyororo ya kung'olea visiki, yakaitwa Shervick kwa kuunganisha majina hayo mawili. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, ukiwa umekula zaidi ya pauni milioni 30.

Kabla ya kukisafisha chuma, hakikisha kwamba springi haijabanwa ndani ya kikalio chake, maana kukata bolti kwa moto kunaweza kuirusha kwa nguvu ya kuua. Na chuma chochote kinachoshukiwa kuwa kombora kisiguswe, polisi wapewe taarifa. Kikiwa salama, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha paka chaki juu ya maandishi yaliyochomoza. Vipuri vya jeshi la Marekani vya wakati huo mara nyingi vina namba inayotanguliwa na herufi kama C, D au E, ambayo wengi hudhani ni aina ya kifaa, kumbe inaonyesha ukubwa wa karatasi ya mchoro wake. Bolti nazo hupimwa kwa inchi. Tena jeshi la Mjerumani lilivuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi Novemba 1917, na Sherman ilianza kutengenezwa mwaka 1942, hivyo springi yake haiwezi kuwa ya Mjerumani.