Paneli za ndani za ndege ya kujijengea: kwanza mizani, halafu kiberiti

Juzi kaja mteja gereji na paneli zake za ubavuni kazilaza nyuma ya pikapu, kazifunika blanketi kama mtoto mchanga. Anajenga RV-7, ndege ndogo ya watu wawili, nyumbani kwake, mwaka wa sita huu, na paneli kazitengeneza mwenyewe, plaiwudi ya milimita 3, juu yake sponji, juu ya sponji leza ya siti za gari, mshono umenyooka kweli kweli, na mi niliyeanza kazi kwa kushona siti za daladala Dar kabla sijahamia huku Ohio nikasema huyu jamaa ana mkono. Afu nikaziweka kwenye mizani. Akanyamaza.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Plaiwudi ile ina kama kilo 2 kwa mita ya mraba, leza gramu 700 hivi, sponji 180, na gundi, ambayo kila mtu anaisahau, karibu gramu 200 maana unapaka pande zote mbili. Kilo 3 na ushee kwa mita, yeye ana mita 2.2, kwa hiyo karibu kilo 7. Sasa chukua bati la alumini, ile ya ndege inayoitwa 2024-T3, ya nusu milimita, ni kilo 1.4 kwa mita, ukilipiga rangi 1.5 na eneo lote linaishia kilo 3 na robo. Utasema kilo 3 na nusu ni nini bwana, si mchele wa wiki tu. Sawa, ila kilo 3 na nusu za petroli ya ndege ni karibu lita 5, na injini ya farasi 180 ikienda taratibu inakunywa kama lita 30 kwa saa, yani umechukua dakika 10 za kuwa hewani ukazishonea leza. RV-7 uzito wake wa mwisho wa kuruka ni paundi 1,800, kama kilo 816, na haiongezewi hata nusu kilo eti kwa sababu umeshona vizuri.

Ndo maana mtu akiniuliza plastiki gani nyepesi huwa namrudisha nyuma kidogo: ikishavaa nguo zake zote ina kilo ngapi, na ikishika moto inafanyaje.

Hapa Marekani ndege ya kujijengea, ile ambayo zaidi ya nusu ya kazi kaifanya mwenyewe kwa mapenzi tu, haibanwi na kipimo cha moto cha ndege za kiwandani. Lakini kipimo kinajulikana na mi nakiiga: unaning'iniza kipande wima, unakichoma kwa chini sekunde 12, unaondoa moto. Kisiendelee kuwaka kupita sekunde 15, kilichoungua kisizidi inchi 8, na kinachodondoka kisiendelee kuwaka zaidi ya sekunde 5. Kuna wanaoniambia kapeti yao ni ya gari na imeshapimwa moto. Ya gari inachomwa ikiwa imelala, na inaruhusiwa kuungua mpaka milimita 102 kwa dakika, sasa aliyewahi kuwasha kuni anajua moto kutambaa na moto kupanda si kitu kimoja.

Tukakata kipande cha paneli ya mteja, nje, ndoo ya mchanga chini. Leza ikajikunyata mara moja, sponji ikaanza kutoa matone, na matone yakafika mchangani bado yanawaka, na moshi mweusi mzito ule unaokaa kooni. Wote wawili tukarudi nyuma hatua tatu. Kwenye kokpiti unarudi nyuma kwenda wapi?

ABS, plastiki ngumu ile, watu wanaipenda sababu inafinyangika kwa joto, ya milimita 1.5 ni kilo 1.6 kwa mita, si mbaya. Ndege yangu ya kwanza niliiweka hiyo. Nikaifunga skrubu kwenye matundu ya kubana kabisa, mwezi wa tatu, baridi. Julai ndege imekaa juani siku nzima, na plastiki ile inatanuka karibu mara nne ya alumini, kwa urefu wa mita moja joto likipanda digrii 50 inaongezeka milimita 4 wakati bati nyuma yake limeongezeka 1 tu. Haina pa kwenda, ikavimba kama chapati, tumbo likaegemea kebo ya trimu, ile ya kusawazisha ndege isivute pua juu wala chini, nikawa nazungusha gurudumu lake nasikia mkwaruzo vidoleni. Ukiitumia basi toboa matundu marefu. Ila inawaka vizuri sana hiyo, mi nimeacha.

Faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa resini, ndo naitumia penye kona na mviringo. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita, epoksi, ndo resini yenyewe, uzito huohuo kama una mkono mzuri, matabaka mawili gramu 800 kwa mita, nyepesi kuliko bati. Shida ni mkono, anayeanza anamwaga resini mpaka inaogelea anaishia kilo na nusu, kwa hiyo kwangua ziada na kadi ya plastiki mpaka kitambaa kiache kung'aa. Epoksi nayo inaungua usidanganyike, ila haidondoki, nyuzi za kioo zinabaki zimesimama. Na ile ya kukaukia bila tanuri usiipige rangi nyeusi, ikikaa juani inalainika.

Kitambaa cha nyuzi za kaboni ni kizuri kwa macho. Kwa paneli ya ukubwa huu uzito unaookoa ni kiduchu, na ikigusana na alumini pakiwa na unyevu alumini ndo inaliwa, lazima uweke tabaka la faiba katikati. Antena ikiwa nyuma yake pia umeizibia mawimbi ya redio.

Nyuma ya paneli nako kunasahaulika. Ndege ya abiria Swissair 111, aina ya MD-11, Septemba 2, 1998, ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, wakafa watu 229, na uchunguzi ulikuta moto ulisambaa kwenye gamba la plastiki lenye kung'aa la zile blanketi za kuzuia joto, juu ya dari, mahali abiria haoni. Sasa mtu ananunua foili ya kung'aa duka la vifaa vya nyumba anaigandisha ukuta mzima. Ichome kwanza. Na sponji usiigandishe moja kwa moja kwenye bati la ndege, inashika maji na miaka miwili baadaye unakuta unga mweupe, yani alumini imeliwa.

Skrubu ziwe za kufunguka, maana kila mwaka ukaguzi unataka uone kebo na riveti, na zilizo karibu na dira zisiwe za chuma kinachovutwa na sumaku.

Mteja kachagua bati chini, faiba juu, na kitambaa cha sufu kisicho na sponji pale anapoegemeza kiwiko tu. Kipande cha sufu tulikichoma pia, kikazima chenyewe. Paneli zake za plaiwudi hatujazitupa, tumezivua leza, ndo pateni za kukatia bati.