Ugali hauna sukari, mbona unapandisha sukari?

Kwenye foleni za kliniki za kisukari maongezi haya hayaishi. Mama mtu mzima anasomewa kipimo: 14 (milimoli kwa lita). Anashtuka. "Mwanangu, mbona sukari niliiacha zamani? Chai nainywa hivihivi." Nesi anamuuliza asubuhi amekula nini. "Uji wa ulezi tu, bakuli moja, na viazi vitamu viwili. Uji wenyewe sikutia hata chembe ya sukari."

Mama hasemi uongo, na swali lake ni la haki kabisa. Kitu kisicho na utamu kinapandishaje sukari?

Kinachopandisha ni wanga. Wanga ulio kwenye unga wa mahindi, wali, muhogo, ndizi za kupika, viazi na chapati ni glukosi, yaani ile sukari inayopimwa kwenye damu, iliyoungwa mamia kwa maelfu, mfano wa shanga zilizotungwa kwenye uzi. Ulimi hauonji utamu kwa sababu shanga bado ziko kwenye uzi wake. Tafuna tonge la ugali kwa muda mrefu bila kumeza, utaanza kusikia utamu kwa mbali: hapo kimeng'enya cha kwenye mate, kiitwacho amilasi, kimeshaanza kuukata. Kazi kubwa inafanyika kwenye utumbo mdogo kwa vimeng'enya vinavyotoka kwenye kongosho, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi tupu. Tena sukari tunayotia kwenye chai ni nusu glukosi, nusu fruktosi, ambayo ni sukari ya aina nyingine. Kwa hiyo, gramu kwa gramu, wanga huiletea damu glukosi nyingi kuliko sukari yenyewe.

Sasa tazama vipimo. Mtu mzima asiye na kisukari, akiwa hajala, ana glukosi ya gramu 4 hadi 5 hivi katika damu yake yote. Ni kijiko kimoja cha chai. Unga wa mahindi, kwa upande mwingine, ni wanga kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Ugali uliosongwa kwa gramu 150 za unga, sahani ya kawaida kabisa ya mtu mwenye njaa, unapeleka zaidi ya gramu 100 za glukosi mahali panapotakiwa kukaa gramu 5. Mwenye afya haoni shida, maana kongosho lake humwaga insulini papo hapo, na insulini huziamuru seli za misuli, mafuta na ini ziipokee sukari hiyo. Mwenye kisukari cha aina ya pili insulini anayo, lakini seli zake haziitii vizuri, na kongosho limeanza kuchoka. Sukari inabaki barabarani, yaani kwenye damu.

Ndiyo maana ushauri wa "acha sukari, kula dona" haukamiliki, nami naona umewaumiza wengi. Dona ni bora kuliko sembe, hilo halina ubishi: lina pumba na kiini, nyuzinyuzi zake ni nyingi zaidi, na lina madini ambayo kinu cha sembe huyatupa. Lakini bado ni wanga. Anayejaziwa sahani ya dona kwa kuwa "hili ni la wagonjwa" anakula glukosi nyingi kuliko aliyekula sembe kidogo. Uji wa lishe uliochanganywa nafaka saba ni vivyo hivyo, na uji una tatizo la ziada: unga umeshasagwa laini, umepikwa ukalainika, unanywewa. Vimeng'enya havina cha kuhangaika nacho. Asali na tende nazo hupewa heshima ya "sukari ya asili", ilhali asali ni sukari kwa takribani asilimia 80.

Chukua mahindi yaleyale, usiyasage. Yapike makande pamoja na maharage. Punje iko nzima, kuta za seli zake zimeushikilia wanga ndani, na maharage yana wanga unaomeng'enywa polepole pamoja na protini na nyuzinyuzi. Glukosi inatoka taratibu, kongosho linapata nafasi ya kuifuata. Kasi hii ndiyo David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha vipimo vyake mwaka 1981, wakaonyesha kuwa vyakula vyenye wanga sawa vinaweza kupandisha sukari kwa viwango tofauti sana. Bakuli lenyewe lisiwe la kufurika, lakini kwangu makande ni chakula cha kisukari kuliko unga wowote unaouzwa kwa jina hilo.

Hata mpangilio wa kula una athari. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, walichapisha jaribio dogo la watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili. Mlo ulikuwa mmoja: siku moja walianza na mkate, siku nyingine walianza na kuku na mboga, mkate ukaja mwisho. Walipoanza na kuku na mboga, sukari saa moja baada ya kula ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi moja. Mezani kwetu hilo halihitaji chakula kipya. Anza na mchicha, matembele au bamia, kula samaki au maharage, ugali ufuate. Na sahani igawe hivi: nusu mboga, robo kitoweo, robo ugali au wali. Wengi wetu tunaipanga kinyume, mlima wa ugali na mboga ya kuchovyea.

Lakini babu zetu walikula ugali, tena mwingi! Ni kweli. Mwaka 1989 Donald McLarty, daktari aliyefanya kazi Muhimbili, na wenzake walichapisha matokeo ya kupima maelfu ya watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokuwa na kisukari walikuwa karibu mtu mmoja tu katika kila 100. Watu hao walikuwa wakishika jembe, wakibeba kuni, wakitembea kwa miguu. Msuli unapofanya kazi hufungua njia za kupitishia glukosi bila kusubiri amri ya insulini. Hapo ndipo penye tumaini kubwa la mwenye kisukari: njia hiyo kwake bado inafanya kazi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walilijaribu hilo kwa watu 41 na kuchapisha majibu mwaka 2016. Waliotembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu, sukari yao baada ya kula ilishuka kwa asilimia 12 zaidi ya walipotembea dakika 30 kwa mkupuo wakati wowote. Baada ya chakula cha jioni tofauti ilifika asilimia 22. Jioni ndipo wengi tunakula sana kisha tunakaa kwenye runinga. Ukinyanyuka ukazunguka mtaa, au ukaosha vyombo na kufagia, misuli inaichukua sukari ikiwa ndiyo kwanza inaingia.

Mwenye glukomita, kile kipimo cha sukari cha nyumbani, ajipime kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza, aandike alichokula. Wiki chache tu zitamwonyesha chakula gani kinamsumbua yeye.

Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho kongosho halitoi tena insulini ya kutosha, hakitibiki kwa chakula. Insulini haiachwi hata siku moja. Na wewe unayechoma insulini au kumeza glibenklamidi (vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini), usipunguze wanga ghafla wala kufunga bila kuzungumza na daktari, kwa sababu dozi yako ilipangwa kwa ulaji wa zamani na sukari inaweza kuporomoka. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa, na kipimo kiko chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula chakula.