Wanga katika tiba: kuliwa ni jambo moja, kuwekwa kidondani ni jingine

Kwa kuwa wanga wa mahindi, viazi na muhogo huliwa kila siku, wengi huamini kwamba kifaa cha tiba kilichotengenezwa kwa wanga hakiwezi kumdhuru mgonjwa. Imani hiyo inasahau kwamba chakula hupita kinywani na utumboni, penye kwa wingi amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, ilhali kifaa cha tiba huwekwa kidondani, mfupani au ndani ya mshipa, na kila mahali pana masharti yake.

Unga wa glavu za upasuaji ndio ushahidi ulio wazi zaidi. Katika karne ya 20, talki, unga wa madini uliopakwa kwenye glavu, ilipobainika kuacha vinundu na makovu tumboni, viwanda viligeukia unga wa wanga wa mahindi, vikitarajia kwamba mwili ungeufyonza wenyewe. Unga wa kawaida ungegeuka uji ndani ya mashine ya mvuke inayoua vijidudu, hivyo ilibidi utibiwe kwa kemikali ili punje zake zistahimili joto. Matarajio hayakutimia yote. Punje zilizobaki tumboni baada ya upasuaji ziliwahi kusababisha uvimbe na utumbo kushikamana, na mtaalamu wa patholojia akiichunguza tishu ya hapo kwa darubini yenye mwanga uliopolarishwa (uliochujwa ili mawimbi yake yatikisike upande mmoja tu), huiona punje ikiwa na alama ya msalaba mweupe. Vumbi lake, zaidi ya hayo, lilibeba hewani protini za mpira zinazoamsha mzio. Marekani ilizipiga marufuku glavu za unga, na katazo likaanza kutumika Januari 2017.

Wapo wanaotoka hapo na hitimisho la kinyume, kwamba wanga haufai kabisa karibu na jeraha. Nalo si kweli. Ipo poda ya kuzuia damu inayotokana na wanga wa viazi: vijitufe vyake vyenye matundu hufyonza maji ya damu, chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha) na protini za kugandisha zikabaki zimesongamana, kisha amilesi huimeng'enya poda hiyo ndani ya siku chache. Hata hivyo, daktari hutakiwa kuiosha iliyozidi, hasa karibu na uti wa mgongo, kwa sababu huvimba inapolowa.

Dhana nyingine ni kwamba wanga unaochelewa kuvunjika ni bora. Wanga wa haidroksiethili, yaani wanga uliobadilishwa kikemikali na kutiwa mshipani kwa dripu, ulibuniwa hivyo makusudi, ili amilesi isiukate haraka na dripu idumu zaidi mshipani. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia uliohusisha wagonjwa 798 wenye sepsisi kali, yaani maambukizi yanayofanya viungo vya mwili vishindwe kufanya kazi: waliopewa wanga huo walifariki kwa wingi zaidi ndani ya siku 90, na wengi zaidi walihitaji kusafishwa damu kwa mashine, kuliko waliopewa maji ya chumvichumvi ya Ringer. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulisitisha vibali vya dripu za wanga huo.

Tena, mfuko wa plastiki ya wanga unaooza jalalani si sawa na kipandikizi, yaani kifaa kinachowekwa ndani ya mwili. Wanga mtupu hukatika upesi na hunywa maji, ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Minho, Ureno, waliuchanganya na polikaprolaktoni, polima (aina ya plastiki) inayovunjika polepole, kutengeneza viunzi vya kukuzia mfupa. Sehemu ya wanga humeng'enywa mapema huku polima hiyo ikibaki kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo vipimo vya usalama havina budi kufuatilia mabaki ya zote mbili.