Fomu 34A na uwezo wa kumkatalia mshindi

Ukiwauliza wanafunzi wa sheria ya katiba nchi ya kidemokrasia ni ipi, wengi hutaja vyama vingi, bunge na uchaguzi wa kila miaka mitano. Nimefundisha somo hili kwa muda mrefu, na naona hayo yote yanaweza kuwepo huku wananchi wakiwa hawawezi kumng'oa yeyote. Mimi huanzia kwingine. Je, raia wa kawaida anaweza kuhakiki hesabu ya kura bila kuomba ruhusa? Na je, kuna mahakama inayoweza kumwambia rais aliyetangazwa mshindi kwamba uchaguzi wake ni batili, naye akatii?

Kwa Kenya, swali la kwanza linajibiwa na karatasi moja. Kura zikishahesabiwa kituoni, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A: waliojiandikisha, kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa. Yeye hutia sahihi, mawakala wa wagombea nao hutia zao, na nakala hubandikwa hapo kituoni. Mwaka 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho; makao makuu ya tume ya uchaguzi, Nairobi, hayana mamlaka ya kuyabadilisha. Kwangu mimi uamuzi huo ni mkubwa kuliko hotuba zote za kampeni za mwaka ule, kwa sababu uliiondoa kalamu mikononi mwa mtu mmoja aliyeketi juu kabisa.

Agosti mwaka huohuo tume ilimtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa asilimia 54.27, zaidi ya kura milioni 1.4 mbele ya Raila Odinga, wakati fomu zote za vituo zilikuwa bado hazijapokelewa. Mahakama ya Juu iliagiza mitambo ya tume ifunguliwe ikaguliwe, na tume haikutii ipasavyo. Ukaguzi wa fomu ulikuta baadhi hazina alama za usalama, na hata Fomu 34C, ile iliyobeba matokeo ya taifa zima, haikuwa nazo. Tarehe 1 Septemba, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili, walibatilisha uchaguzi wa urais. Ukubwa wa pengo haukuwazuia. Walisema uchaguzi ni mchakato mzima, si tarakimu ya mwisho peke yake.

Ila nisiwasifu majaji nikanyamazia kilichofuata. Rais alisema ataheshimu uamuzi, na siku hiyohiyo akawaita majaji wakora mbele ya umati. Oktoba 25, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, kesi ya kutaka uahirishwe haikusikizwa kwa kuwa ni majaji wawili tu waliofika. Usiku uliotangulia, mlinzi wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi. Mahakama huru ni watu wenye miili na familia. Nchi isiyowalinda isijivunie katiba yake.

Lakini kitu kilibadilika. Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, mtu yeyote azipakue na kujijumlishia. William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, kesi zikafunguliwa, na Septemba 5 majaji wote saba wakazitupilia mbali. Hata aliyeumia na uamuzi ule alikuwa na fomu zilezile mkononi.

Huko Malawi, mahakama ilibatilisha Februari 2020 uchaguzi ambao fomu zake zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe, na katika marudio ya Juni rais aliyekuwa madarakani akashindwa. Tanzania, kwa upande wake, ina ibara ya 41(7) ya Katiba, inayokataza mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliamua mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka haki. Nakubaliana nayo kabisa: pasipo mahali pa kulalamika, fomu iliyobandikwa ukutani inabaki tangazo.

Kinachonitia hofu zaidi sasa ni uzembe. Kuanzia mapema 2023 hadi Julai 2025 Kenya ilikaa bila makamishna wa uchaguzi, huku wanasiasa wakivutana kuhusu namna ya kuwateua. Mbunge wa Banissa, Mandera, alifariki Machi 2023, na wakazi wakasubiri hadi Novemba 2025 kumchagua mwingine. Hakuna aliyewapokonya kura. Hapakuwa tu na mtu wa kuwafungulia kituo. Sheria ingewapa makamishna mihula inayoisha kwa zamu, Banissa isingekaa muda wote huo bila sauti bungeni.