Maji Yanatokota Mbeya, Koleo Bado Halijatakasika

Mama aliyehama Kyela kuja kuishi Mbeya mjini hushangaa jikoni wiki ya kwanza tu. Maharage ni yaleyale, jiko ni lilelile, lakini huku yanachelewa kuiva. Kosa si la maharage. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ina mgandamizo mdogo, na maji huanza kuchemka yakifika nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Njombe iko juu zaidi, kwa hiyo kule hushuka tena kidogo. Unaona mapovu na mvuke ukadhani joto limefika mwisho, kumbe halijafika.

Nimeanzia jikoni kwa sababu tatizo hilohilo nililikuta kwenye chumba cha meno. Katika ziara moja ya usimamizi shirikishi niliingia chumba cha meno cha kituo kimoja nikakuta sufuria juu ya jiko la umeme. Ndani yake mlikuwa na makoleo mawili ya kung'olea meno, kioo cha kuangalizia na kijiko cha kukwangulia jino bovu, vyote vinatokota. Tabibu wa meno pale ni kijana mwenye mikono myepesi, wagonjwa wanampenda. Akaniambia kwa moyo mweupe kabisa: "Daktari, sisi tunachemsha nusu saa nzima."

Nusu saa hiyo inaua vijidudu vingi, sikatai. Lakini kuna bakteria ambao wakibanwa hujifunga ndani ya ganda gumu, na wakiwa humo hata maji ya nyuzi 100 hayawamalizi, seuze haya yetu ya 94. Koleo la kung'olea jino linazama ndani ya fizi na kugusa damu. Kifaa cha namna hiyo kinatakiwa kutakaswa, yaani kisibaki na kijidudu hai hata kimoja. Kazi hiyo inafanywa na otoklevu, mashine inayobana mvuke mpaka joto lipande hadi nyuzi 121 na kulishikilia angalau dakika 15. Vikiwa vimefungwa kwenye pakiti, muda huongezwa, kwa kawaida hadi dakika 30. Mashine nyingine hufika nyuzi 134 na kumaliza kwa dakika chache tu.

Na hapa ndipo sisi wa nyanda za juu tunapaswa kuwa waangalifu kuliko wenzetu wa Dar es Salaam. Otoklevu ndogo zinazofanana na sufuria la kupikia kwa mgandamizo, zile za kuweka juu ya gesi au mkaa, mara nyingi zina geji tu, yaani saa ya kupimia mgandamizo. Maelekezo yake husema fikisha paundi 15 kwa inchi ya mraba. Hiyo ni sahihi ukiwa pwani. Kwa Mbeya, paundi 15 za geji zinakupa nyuzi 118 hivi, maana hewa ya nje inayosaidia kubana ni pungufu. Ili ufike 121 unahitaji karibu paundi 18, na Njombe zaidi ya hapo kidogo. Mashine zinazojiendesha kwa kupima joto lenyewe hazina shida hii. Nimekutana na wahudumu wazuri, wenye uzoefu wa miaka mingi, ambao hawakuwahi kuelezwa hili, na siwalaumu. Ni letu sisi tunaofundisha.

Otoklevu nayo haifanyi miujiza. Kifaa chenye damu iliyokaukia kwenye meno ya koleo hakitakasiki, kwa sababu mvuke haufiki chini ya ule uchafu. Lazima kisuguliwe kwa brashi, maji na sabuni kwanza. Pakiti ikitoka na unyevu, hasa masika, vijidudu hupenya karatasi iliyolowa, kwa hiyo irudi ndani. Na ile tepu inayobadilika na kuonyesha mistari meusi inathibitisha tu kwamba pakiti ilipitia joto. Haisemi joto lilikaa muda wa kutosha. Uhakika kamili hutoka kwenye kipimo cha spora, yaani wale bakteria waliojifunga ndani ya ganda gumu, ambapo bakteria hao sugu huwekwa ndani ya mashine pamoja na vifaa, kisha huangaliwa kama wamekufa.

Wewe uliyekaa kwenye kiti unaweza kuona mengi. Pakiti ifunguliwe mbele yako. Glovu ziwe mpya, na akishika simu au kitasa cha mlango akiwa amezivaa, azibadilishe kabla ya kurudi kinywani mwako. Sindano na kichupa cha ganzi ni vya mgonjwa mmoja, hata kama dawa imebaki. Kichwa cha mashine ya kutobolea jino nacho kinatakiwa kupita kwenye otoklevu kila baada ya mgonjwa, kwa kuwa hunyonya mate na damu kwa ndani. Kukifuta kwa spiriti hakutoshi. Ukiuliza, "Samahani daktari, hivi vimetakaswa?" hujamvunjia mtu heshima. Mtaalamu anayejua kazi yake atakuonyesha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kuwa Njombe na Iringa kila mmoja una zaidi ya watu wazima 11 kati ya 100 wanaoishi na VVU. Ongeza homa ya ini aina ya B, ambayo kirusi chake kinaweza kukaa hai kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Kwa hiyo hatuchagui nani wa kuchukuliwa tahadhari. Kila mgonjwa anahudumiwa kwa kiwango kilekile. Mhudumu akichomwa na sindano aoshe kwa maji na sabuni, atoe taarifa, na aanze dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, na kila anayefanya kazi chumba cha meno anapaswa kuwa nazo, hata anayefagia na kubeba taka.

Mtoa huduma awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na awe na leseni. Kama kuna mashine ya eksirei, iwe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Anayeng'oa meno mnadani kwa koleo alilolitoa mfukoni, mpite.

Yule kijana wa sufuria tulikaa naye mpaka jioni. Kituo chake kilipopata otoklevu ya kuweka juu ya gesi, nilirudi. Tuliazima rangi ya kucha kwa muuguzi wa zamu tukachora mstari mwekundu kwenye kioo cha geji, kwenye namba 18. Sasa anaanza kuhesabu dakika mshale ukigusa mstari ule, na sufuria imerudi jikoni kwa wauguzi, wanapikia chai.