Dawa ya virusi vya mafua si ARV: wasiwasi wako ulete dirishani siku hiyo hiyo

Mama mmoja mjamzito alirudi kwenye dirisha letu la dawa siku ya nne tangu tumhudumie. Hakupanga foleni. Alikaa pembeni mpaka watu wakapungua, kisha akafungua ncha ya kanga, akatoa bahasha ndogo ya kaki iliyokunjwa mara mbili na kuipitisha chini ya kioo. Ndani mlikuwa na pakiti ya vidonge kumi. Vitatu vimetobolewa, saba vipo. Juu ya bahasha, kwa mwandiko wa mmoja wetu, paliandikwa: "1 x 2, dawa ya virusi."

"Dokta," alisema akiwa ameinama karibu na tundu la kioo, "mume wangu kaisoma hiyo. Ananiuliza nimepima lini, na kwa nini nimemficha."

Hakuna alichoficha. Alikuwa na mafua makali ya influenza, homa imepanda, kifua kimebana, na daktari alimwandikia oseltamiviri, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Tamiflu. Neno moja kwenye bahasha liliwasha moto nyumbani, na siku ya pili dawa ikaachwa.

Kosa lilianzia kwetu, nalisema wazi. Aliyeandika alimaanisha virusi vya influenza, lakini hapa Tanzania mtu akisoma "dawa ya virusi" anasoma ARV, na sisi tunaofanya kazi hii tulipaswa kulijua hilo kabla ya kushika kalamu. Sasa bahasha zetu zinaandikwa jina la dawa na maneno "mafua makali". Hata hivyo malalamiko na maswali kuhusu dawa hii yanazidi kuja, na mengi yanakuja yamechelewa, wakati yangejibiwa kwa dakika mbili pale pale dirishani. Kwa dawa hii kuchelewa ndiko kunakoumiza, kwa hiyo nianzie hapo.

Kirusi cha influenza kikiingia kwenye chembe hai za njia ya hewa kinazaliana humo. Virusi vipya vinapotoka nje hubaki vimenasa kwenye ukuta wa chembe ile, mpaka kimeng'enya kiitwacho neuraminidezi kivikate viweze kutawanyika. Oseltamiviri hukizuia kimeng'enya hicho. Haiui kirusi, inakizuia kisisambae. Siku mbili au tatu za mwanzo ndizo ambazo virusi huzaliana kwa kasi kubwa, na ndiyo maana tunataka dawa ianze ndani ya saa 48 tangu dalili zitokee. Kwa mgonjwa aliyelazwa au aliye kwenye hatari kubwa, daktari anaweza kuianza hata baada ya hapo. Mtu anayekaa na pakiti nyumbani siku tatu akisubiri kumuuliza jirani ameupoteza muda ambao dawa ingemsaidia zaidi.

Dozi ya mtu mzima ni kidonge cha miligramu 75 asubuhi na kimoja jioni kwa siku 5. Hiyo ndiyo maana ya "1 x 2": kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Si viwili kwa mpigo. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki chini ya saa 2 kufikia dozi inayofuata. Hapo iache iliyopita na uendelee na ratiba. Usimeze viwili kufidia.

Sasa nirudi kwenye ARV, maana hapa pana pande mbili. ARV hulenga VVU. Oseltamiviri hulenga influenza A na B tu. Haitibu VVU, haitibu homa ya ini, haitibu UVIKO-19, wala haitibu mafua ya kawaida yanayoletwa na virusi vingine. Kumezeshwa dawa hii hakusemi lolote kuhusu hali yako ya VVU. Upande wa pili ni wa wale wanaotumia ARV na wakapata influenza. Wengine husimamisha ARV "ili dawa zisigombane". Tafadhali msifanye hivyo. ARV zinaendelea kama kawaida na oseltamiviri inamezwa pamoja nazo. Mwambie tu daktari unatumia nini. Na kuna wachache waliowahi kumeza ARV za ndugu yao kutibu mafua kwa kuwa "zote ni za virusi". Hili sina namna ya kulilainisha. Ni hatari kwako, na ndugu yako umemvurugia dozi anayoitegemea kuishi.

Wajawazito wana haki ya kuuliza zaidi ya mtu mwingine yeyote, na nawajibu hivi: mimba ni mojawapo ya sababu za kupewa dawa hii, si sababu ya kunyimwa. Influenza humwelemea mjamzito kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba, hasa miezi ya mwisho, na yaliyoonekana wakati wa mlipuko wa 2009 wa aina ya influenza iitwayo H1N1 yalilithibitisha hilo katika nchi nyingi. Takwimu zilizokusanywa tangu wakati huo kwa wajawazito waliotumia oseltamiviri hazijaonyesha madhara kwa mtoto. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana.

Kichefuchefu na kutapika ndiyo madhara tunayoyasikia mara nyingi, zaidi baada ya dozi ya kwanza au ya pili. Meza ukiwa umekula. Uji unatosha. Ukitapika papo hapo baada ya kumeza, usikisie kumeza kingine. Piga simu au rudi uliza.

Wazazi wanaulizia zaidi watoto "kuchanganyikiwa". Hofu hii haikutoka hewani. Nchini Japani ziliwahi kutolewa taarifa za vijana walioweweseka au kufanya vitendo vya hatari wakiwa wanatumia oseltamiviri, na mwaka 2007 serikali ya huko ilizuia wenye umri wa miaka 10 hadi 19 kupewa dawa hiyo. Wataalamu walifuatilia kwa miaka mingi, wakaona mambo hayo yanatokea pia kwa watoto wenye influenza ambao hawakumeza dawa yoyote, na mwaka 2018 zuio likaondolewa. Homa ya influenza yenyewe inaweza kumwewesesha mtoto. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: mtoto mwenye influenza, awe kwenye dawa au asiwe, asilale peke yake siku mbili za mwanzo, na akianza kuongea yasiyoeleweka au kutotulia mlete usiku huo huo. Na asipewe aspirini kwa ajili ya homa. Apewe parasetamoli kwa uzito wake.

Nikitaja uzito: dozi ya mtoto haipatikani kwa kugawa kidonge cha mtu mzima kwa jicho. Kwa aliyefikisha mwaka mmoja, mwenye kilo 15 au chini hupewa miligramu 30, anayezidi kilo 15 hadi 23 miligramu 45, anayezidi 23 hadi 40 miligramu 60, na anayezidi 40 hupewa 75 kama mtu mzima, zote mara mbili kwa siku. Chini ya mwaka mmoja hukokotolewa kwa kila kilo. Mfamasia anaweza kukuonyesha namna ya kufungua kidonge na kuchanganya unga wake na kitu kitamu, kwa kuwa ni mchungu, lakini akuonyeshe yeye. Mwenye ugonjwa wa figo naye aseme mapema, kwani dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo na dozi yake hupunguzwa.

Kuna kundi jingine, na hili hunichosha: wanaokuja wakidai dawa hii kwa kila kikohozi, na wanaoikataa wakitaka antibaiotiki. Wa kwanza nawaambia ukweli wa takwimu. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba kwa mtu mzima oseltamiviri hufupisha dalili kutoka siku 7 hadi siku 6.3. Kwa kijana mwenye afya njema hiyo ni faida ndogo, na daktari akikurudisha nyumbani na parasetamoli na maji ya kunywa hajakunyima haki yako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 nao unaelekeza oseltamiviri kwa wagonjwa wenye influenza kali. Kwa wasio mahututi ila wenye hatari ya kuzidiwa, unapendekeza dawa nyingine, baloksaviri, ambayo humezwa mara moja tu. Wenye hatari hiyo kwa jumla ni wazee, wenye kisukari, pumu, magonjwa ya moyo au figo, wenye seli mundu na wenye kinga iliyoshuka.

Wa pili ni wale wanaosema, "Nipe rangi mbili tu, au azithromaisini, nimezoea." Kidonge chetu nacho kina rangi mbili, kijivu na njano, na wapo waliokimeza wakidhani ni ile rangi mbili ya zamani, wakaacha walipopata nafuu kama walivyozoea. Antibaiotiki inapigana na bakteria, haina kazi kwenye influenza. Imesemwa redioni, imebandikwa ukutani, na bado kila asubuhi kuna mtu anabishana dirishani. Kama mapafu yameshambuliwa na bakteria juu ya influenza, daktari ataandika zote mbili na atakueleza kwa nini. Na kila homa ipimwe malaria kwanza. Majibu ya kipimo cha haraka hayachukui nusu saa.

Upatikanaji wake una utaratibu, na nitaueleza wote kwa sababu ndiko watu wanakoingia matatani. Oseltamiviri ni dawa ya cheti. Cheti kamili kina jina na umri wa mgonjwa, uzito kama ni mtoto, jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi, tarehe, pamoja na jina, sahihi na cheo cha aliyeandika. Picha ya cheti cha mwaka jana kwenye simu si cheti. Hutolewa hospitalini au kwenye famasi yenye mfamasia. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na sasa yapo nchi nzima, yanaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa, hii haimo. Muuzaji wa duka hilo akikukatalia, anafuata sheria, msimgombeze.

Ndugu zetu walioko Muscat, Dubai, Uingereza na Marekani hutuma dawa hizi kwenye mizigo, kwa upendo kabisa. Zikija, zibaki kwenye boksi lake lenye jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, ziambatane na cheti cha daktari cha mgonjwa husika, na zionyeshwe kwa mfamasia kabla ya kumezwa. Zinapopakuliwa na kuuzwa moja moja kwenye makundi ya simu, hapo suala limehama kutoka kwenye msaada wa ndugu na kuingia kwenye biashara ya dawa bila kibali, chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Msimamizi wake ni TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyokuwa ikiitwa TFDA mpaka 2019. Adhabu ni faini au kifungo, au vyote kwa pamoja, na mzigo huteketezwa kwa gharama ya mwenye nao. Mwenye famasi anayetoa dawa ya cheti bila cheti hujibu pia mbele ya Baraza la Famasi, na leseni yake inaweza kusimamishwa. Kusema "sikujua" hakujawahi kumsaidia mtu.

Ukipata madhara usiyoyatarajia, kama vipele, kuvimba uso au kushindwa kupumua, acha dawa na uje mara moja. Sisi tutajaza fomu ya njano inayokwenda TMDA, na wewe mwenyewe unaweza kutoa taarifa kwao. Fomu hiyo haimshtaki mtu. Lete bahasha na pakiti, maana namba ya toleo ndiyo inayotuwezesha kujua kama tatizo ni la dawa moja au la shehena nzima.

Yule mama tulimrudisha kwa daktari asubuhi ile ile. Homa ilikuwa bado haijashuka, akalazwa usiku mmoja kwa uangalizi na kuandikiwa dozi mpya. Jioni mumewe alikuja dirishani, mkono mfukoni, akauliza kwa upole kama anaweza kuiona hiyo dawa. Nikampa karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi na kumwonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa influenza. Aliisoma yote akiwa amesimama, watu wakimpita. Kisha akakohoa, akaniambia naye kifua kinambana tangu juzi, je, vile saba vilivyorudi anaweza kuvimeza yeye?

Vile saba vilikuwa vimeshaandikwa kwenye daftari la dawa zilizorejeshwa, vikisubiri kuteketezwa. Nikatoka dirishani nikampeleka mwenyewe chumba cha vipimo.