Pipa Tupu Ndilo Baya: Dhana Potofu za Kukata Mapipa ya Mafuta

Michikichi ikizaa vizuri, sisi mafundi wa kuchomelea hapa Kigoma hatukosi mapipa. Mteja wa Simbo anataka pipa la lita 200 likatwe juu apate chombo cha kuchemshia ngazi, yaani matunda ya mchikichi, kabla ya kukamua mawese. Wa Kibirizi anataka lipasuliwe ubavuni, liwe jiko la kubanikia samaki wetu migebuka. Mengi yalikuwa ya dizeli au petroli, maana mji huu uliwashiwa taa na jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na injini za mitumbwi ya dagaa hazijaacha kunywa petroli.

Kila anayeleta pipa huja na maneno yake, na mengi ya maneno hayo niliwahi kuyaamini mwenyewe.

"Pipa ni tupu, litalipuka nini?"

Hili ndilo kubwa, na mengine yote ni watoto wake. Petroli ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa, tena kwa kipimo. Mvuke ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi, hauwaki. Ukipita kama asilimia 7.6, hauwaki pia, kwa kuwa hewa haitoshi. Hatari iko katikati hapo. Pipa lililojaa halina nafasi ya hewa. Pipa "tupu" lina lita 200 za hewa zinazongoja mvuke.

Piga hesabu: asilimia 1.4 ya lita 200 ni lita 2.8 za mvuke. Mvuke huo hutoka kwenye petroli isiyozidi sana kijiko kimoja cha chakula. Ligeuze pipa kichwa chini usiku kucha, na bado kijiko hicho kitabaki kwenye mshono wa kitako na ndani ya magamba ya kutu. Usidhani ubaridi wa asubuhi utakuokoa. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na Kigoma hatujawahi kuona baridi ya hivyo.

"Hili lilikuwa la dizeli, dizeli hailipuki"

Hapa ndipo lilipopotelea sikio langu la kushoto. Nilikuwa kijana wa gereji, na bosi alinionyesha kwa macho yangu: akawasha njiti ya kiberiti, akaitia kwenye kopo la dizeli, ikazimika. Nikaridhika. Nikachukua gesi nikaanza kukata. Sijafika hata robo ya duara, mfuniko ukang'oka, ukapita juu ya bega langu na kuvuka ukuta wa jirani. Ungepita sentimita chache karibu zaidi na kichwa, nisingekuwa naandika haya.

Lile jaribio la njiti lilikuwa la kweli, ila lilikuwa la dizeli baridi. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha mpaka ipashwe moto, kwa kawaida zaidi ya nyuzi 52. Mwali wa gesi ya kukatia hupita nyuzi 3,000. Unapokata upande huu, bati linapeleka joto kwenye utando wa dizeli uliogandia ndani, utando unageuka mvuke, kisha mwali huohuo unatoboa na kuukuta. Dizeli ina ubaya mwingine ambao wengi hawaujui: hujiwasha yenyewe, bila cheche, kwenye joto pungufu kuliko petroli.

"Nimeliosha kwa sabuni, na halinuki"

Kuosha ni lazima, lakini kuosha si cheti. Maji ya moto na sabuni huondoa kile yanachokifikia, na hayafiki ndani ya mikunjo ya mshono. Pua nayo ni shahidi mbovu: ukishinda na petroli inaizoea. Tena harufu ya pipa baridi haisemi lolote kuhusu pipa litakapopashwa moto. Kinachoaminika ni kipima gesi, na hicho kinaingizwa ndani ya chombo. Mwaka 2010, kwenye kiwanda kimoja cha Buffalo, Marekani, walipima hewa ya nje ya tangi, wakaona ni salama, wakaanza kuchomelea. Ndani hawakupima. Tangi lililipuka, fundi akafa.

"Limekaa juani wiki nzima, mvuke umeshatoka"

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi kama moshi, unalala chini kama maji kisimani. Ukitoka unatambaa ardhini mpaka kwenye jiko la mama lishe. Angalieni hilo hata mnapomimina maji ndani ya pipa, kwa sababu maji yanausukuma nje.

"Tia moshi wa pikipiki, utafukuza hewa"

Huwezi kujua moshi huo umebeba oksijeni kiasi gani, na una joto na sumu yake. Ni bahati nasibu.

"Tindo halina moto"

Nusu kweli. Halina mwali, ila chuma kwa chuma hutoa cheche, na mvuke wa petroli unatosheka na cheche ndogo sana. Grinda ndiyo msiiguse kabisa, ile ni mvua ya cheche. Tindo linafaa pale tu pipa lilipojazwa maji.

  

Siku hizi nafanya hivi. Pipa nisilojua lilibeba nini, au lililokuwa la viuatilifu, silipokei. La mafuta namimina mabaki nje, mbali na moto wowote, naosha kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, na maji machafu hayaendi ziwani wala kisimani. Nalisimamisha, vizibo vyote wazi, najaza maji hadi vidole viwili chini ya mstari wa kukatia, ili mvuke usipate pa kukaa. Kisha tindo na nyundo, taratibu. Mfuniko ukishatoka namwaga maji na kusugua nikiona kwa macho, sipapasi gizani. Hata hapo sipeleki mwali kwenye mshono wa kitako.

Kwa chombo cha ngazi huwa namwambia mteja atafute pipa lililobeba mafuta ya kula, maana la petroli halifai chakula hata likikatwa salama. Nalo silikati kwa gesi, mafuta ya kula yakiungua hutoa mvuke unaowaka vilevile.

Kazi ya tindo inakula karibu nusu siku, na yule wa Simbo hulalamika kila mwaka kwamba gereji ya jirani humaliza kwa dakika kumi. Namwonyesha kivuli cha mwembe ulio ng'ambo ya barabara, akae huko, na sigara yake aiache mfukoni.